Kufufua kabureta ya SU iliyolika: anza na shafti

Gari linawaka bila shida, lakini likikaa sailensa, yaani injini ikinguruma bila ekseleta kukanyagwa, mlio unapanda na kushuka wenyewe, au injini inazima ukiachia ekseleta. Unateremsha jeti, kile kitundu cha kutolea petroli, kidogo ili petroli iongezeke, sailensa inatulia. Baada ya safari ya saa moja unafungua plagi, zimejaa masizi meusi. Unapandisha jeti, masizi yanapungua, sailensa inavurugika upya. Mtu anaweza kuzunguka hivi mwaka mzima, huku akibadilisha sindano, boya na gasketi, na kabureta isikae sawa hata siku moja. Haitakaa sawa kwa sababu ugonjwa hauko kwenye petroli. Kuna hewa inayoingia kwa mlango wa uani, na mlango wenyewe karibu kila mara ni tundu inamopita shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa ukikanyaga ekseleta.

Maelezo haya ni ya SU, kabureta za Kiingereza, za aina ya HS, ambazo utazikuta kwenye Morris Minor za miaka ya 1960, Mini, MGB na baadhi ya Volvo za enzi hizo. HS2 ina koo (njia ya hewa) la inchi 1¼, HS4 inchi 1½, HS6 inchi 1¾. Namba ya mwisho inahesabu thumuni za inchi zinazozidi inchi moja, kwa hiyo ukiijua aina umeshajua ukubwa wa koo. Kwenye SU za aina ya HIF boya limewekwa chini ndani ya mwili wa kabureta na jeti inarekebishwa kwa skurubu ya pembeni, lakini kazi ya shafti na bushi, vile vibomba vifupi vinavyoishika shafti, ni ileile.

Kwanza elewa kwa nini uwazi mdogo unasumbua kiasi hicho. Katika SU, hewa inayopita chini ya pistoni ya kabureta ndiyo inayosababisha pistoni hiyo ipande. Sindano iliyofungwa chini ya pistoni inatoka polepole ndani ya jeti, na petroli inapita kwenye nafasi iliyobaki kati yao. Hewa ya kwenye shafti inaingia upande wa injini, mbele ya pistoni. Haikuinua pistoni, haikuvuta hata tone la petroli. Ni hewa kavu. Injini isiyo na hitilafu ikiwa sailensa, mvuto kwenye manifodi (bomba linalopeleka hewa kwenye silinda) hufika kama inchi 16 hadi 20 za zebaki, na hewa halali inayopita kando ya kipepeo ni kidogo mno. Sasa chukua shafti ya inchi 5/16, yaani mm 7.94, ikiwa imelegea kwa mm 0.1 tu. Kila ncha inaacha uwazi wa karibu milimita za mraba 1.25, kama vile umetoboa kabureta kwa drili ya mm 1.26. Gari lenye kabureta mbili lina ncha nne, na jumla yake ni sawa na tundu moja la mm 2.5.

Ukiwa mwendo wa kasi injini inameza hewa nyingi kiasi kwamba wizi huo hauonekani. Lakini nati ya jeti kwenye SU haibagui: ukiigeuza umebadilisha mchanganyiko kuanzia sailensa hadi ekseleta iliyokanyagwa mpaka mwisho. Ndiyo maana petroli uliyoongeza ili kutuliza sailensa inageuka masizi barabarani. Hakuna mahali nati hiyo itakapokaa na kuridhisha pande zote mbili.

Hakikisha kabla ya kufungua

Usifungue kabureta kabla ya kukagua tapeti, plagi, mwanya wa platini na taimingi. Platini iliyoungua inaiga dalili za kabureta vizuri sana. Kagua pia bomba la busta ya breki na gasketi ya manifodi: bana bomba la busta kwa koleo lenye kitambaa, na kama sailensa ikabadilika, hewa inapita huko.

Halafu jaribu shafti. Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha zake na kusikiliza mlio. Kwenye Mini, Morris Minor na MGB manifodi ya moshi iko upande uleule wa kabureta, chini yake kabisa, na ikishapata moto, dawa hiyo inaweza kuwaka. Tumia grisi. Injini ikiwa moto na iko sailensa, paka grisi nzito kuzunguka shafti pale inapoingia kwenye mwili wa kabureta, ncha moja baada ya nyingine. Kama mlio ukibadilika au ukatulia kwa sekunde chache kisha ukarudi kuyumba grisi inapofyonzwa, umepata jibu, tena umejua ni ncha ipi.

Zima injini, achia waya wa ekseleta na springi ya kurudisha, kisha shika ncha ya shafti kwa vidole viwili na uitikise juu na chini, mbele na nyuma. Usiivute kwa urefu wake, maana mchezo wa kwenda kushoto na kulia hauna madhara ya namna hii. Mtikisiko unaouona kwa macho umeshapita kiasi. Mara nyingi ncha yenye mkono wa ekseleta na springi ndiyo iliyolika zaidi, kwa sababu inavutwa upande mmoja maisha yake yote.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa kila kabureta: shafti mpya, bushi mbili zenye kipenyo cha nje cha inchi 3/8 na cha ndani cha inchi 5/16, skurubu mbili mpya za kipepeo, jeti pamoja na mrija wake, sindano yenye kodi ileile, vali ya sindano ya boya pamoja na kiti chake, na seti ya gasketi. Kodi ya sindano imechongwa kwenye shina lake. Kama haisomeki, angalia kitabu cha gari kwa mwaka na injini husika. Usikisie, kwa sababu sindano mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana katikati ya urefu wake. Kama kipepeo chako kina kivali kidogo chenye springi, kilichowekwa kupunguza moshi, nunua kipepeo kisicho nacho ikiwa sheria za ukaguzi wa gari zinaruhusu. Springi hiyo ikichoka inavujisha hewa vilevile, na utakuwa umeziba mlango mmoja ukaacha mwingine wazi.

Zana za pekee ni rima mbili, yaani vyuma vya duara vyenye makali ya kupanulia tundu: moja ya inchi 3/8 yenye mwongozo wa inchi 5/16 mbele yake, na nyingine ya inchi 5/16 ndefu ya kutosha kupita bushi zote mbili kwa mkupuo. Kama huna rima hizo, vua kabureta, uitie bushi kwa fundi wa mashine, kisha endelea na kazi nyingine mwenyewe. Hapa si mahali pa kujaribu drili ya mkononi.

Kuvua na kusafisha

Toa betri, fanya kazi mahali penye hewa, na mwaga petroli ya kwenye bakuli la boya ndani ya chombo chenye kifuniko. Kabla ya kutoa kengele, yaani kile kifuniko kirefu cha juu, ichore alama ya penseli pamoja na mwili wa kabureta ili irudi ilivyokuwa. Inyanyue wima, kisha toa pistoni na uilaze mahali ambapo sindano haitagusa kitu. Kengele na pistoni zilitengenezwa kwa kuoanishwa. Kwenye gari la kabureta mbili usizichanganye hata kidogo, weka kila jozi kwenye kisanduku chake.

Toa kila kitu cha mpira na plastiki kabla ya kuloweka mwili wa kabureta kwenye dawa. Kengele kwa ndani na pistoni kwa nje, futa kwa kitambaa chenye petroli au thina, basi. Usipitishe msasa wala sufi ya chuma, usizing'arishe. Kati ya ukingo wa pistoni na kengele hakuna mpira wala ringi, kinachozuia hewa ni ule ukaribu wa chuma kwa chuma. Ukikwangua umetengeneza ugonjwa ambao hakuna spea ya kuuponya, ila jozi nyingine nzima.

Shafti na bushi

Geuza kabureta uangalie skurubu mbili za kipepeo. Ncha zake zimepasuliwa na kutanuliwa ili zisijifungue. Ukizilazimisha kutoka hivyo zitararua nyuzi au kuharibu bisibisi. Zisage kwa tupa ndogo mpaka ziwe sawa na shafti, kisha zifungue. Weka alama kwenye kipepeo kabla ya kukitoa, upi ni upande wa juu na upi unatazama injini, kwa sababu ukingo wake umekatwa mshazari ili ufunge vizuri kwenye koo. Kikigeuzwa hakifungi.

Vuta shafti na uipitishie ukucha. Mahali palipokuwa ndani ya mwili wa kabureta utahisi ngazi ndogo, na hapo shaba imeng'aa upande mmoja. Sasa ingiza shafti mpya kwenye mwili wa zamani na utikise. Ikikaa bila mchezo, una bahati, shaba ndiyo iliyolika na alumini imesalimika, na huhitaji bushi. Ikicheza, ambayo ndiyo hali ya kawaida, tundu la alumini limelika pia.

Hapa pana mtego. Tundu lililolika halibaki duara, linakuwa na umbo la yai, limevutwa kuelekea upande wa springi. Ukipitisha drili tu, itafuata lile yai, bushi itakaa nje ya mstari, na shafti mpya itakaza au kipepeo kitasugua koo upande mmoja. Ndiyo sababu ya kutumia rima yenye mwongozo. Mwongozo unashikwa na tundu la upande wa pili, na rima inakata upande ulio mbele yako ikiwa kwenye mstari wa shafti. Anza na ncha iliyolika zaidi, ukitumia ile nzima zaidi kama mwongozo. Ukishaweka bushi ya kwanza, hiyo mpya ndiyo inakuwa mwongozo wa upande wa pili.

Kata kwa mkono, au kwa drili ya mezani kwa mwendo wa chini, ukidondoshea mafuta ya taa kidogo. Toa rima mara kwa mara na usafishe vipande vya alumini, maana vikijaa vinachimba ukuta wa tundu. Tundu likiisha lifute kwa thina likauke kabisa, paka gundi ya kushikia beringi kwa nje ya bushi, na uivute ndani kwa bolti yenye nati na wosha mbili. Usiigonge kwa nyundo, mwili wa kabureta unapasuka. Bushi isitokeze ndani ya koo hata kidogo. Ikitokeza, ichonge kwa tupa ya duara ifuate mkunjo wa koo. Acha gundi ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa yake.

Mwisho pitisha rima ya inchi 5/16 kutoka bushi moja hadi ya pili bila kuitoa katikati. Hatua hii ndiyo inayozinyoosha zote mbili kwenye mstari mmoja. Ingiza shafti kavu. Iangushe kutoka wima: inatakiwa iteleze kwa uzito wake yenyewe, na ukiitikisa usihisi kitu. Ikikaza mahali pamoja tu katika mzunguko, shafti imepinda. Ikikaza kote, rudia rima.

Kurudisha kipepeo kunahitaji subira. Kiingize kwenye mpasuo wa shafti kwa kufuata alama, tia skurubu bila kuzikaza, kisha fungua na ufunge kipepeo mara kadhaa kwa nguvu kiasi ili kijikalishe katikati. Kishikilie kikiwa kimefungwa na ukaze. Elekeza koo kwenye mwanga. Kinachoruhusiwa ni mstari mwembamba wa mwanga ulio sawa kuzunguka kote, au giza tupu. Mwanga mnene upande mmoja maana yake hakijakaa. Legeza urudie. Kikishakaa, tanua ncha za skurubu kwa koleo huku shafti ikiwa imeegemezwa kwenye kitu kigumu isije ikapinda. Usiruke hatua ya kutanua. Skurubu ikijifungua siku moja, njia yake ni moja tu, kuingia ndani ya silinda.

Sindano, jeti na boya

Sindano iliyosugua jeti ina mstari wa kung'aa upande mmoja, na tundu la jeti linakuwa si duara tena. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Sindano ya aina isiyotikisika, isiyo na springi, bega lake liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni, lisizame wala lisitokeze, halafu ukaze skurubu yake. Mrija wa nailoni wa jeti unaunganishwa na bakuli la boya kwa nati, wosha na mpira, kwa mpangilio huo. Ncha ya mrija ipite nje ya mpira kwa angalau mm 4.8, la sivyo utachomoka au utavuja baada ya wiki chache.

Jeti ya sindano isiyotikisika lazima iwekwe katikati. Toa springi ya nati ya kurekebishia, rudisha nati bila springi na uikaze mpaka juu. Legeza nati kubwa ya kufungia kiasi cha bushi ya jeti kuzungushika kwa vidole. Sukuma pistoni chini taratibu kwa penseli kupitia tundu la dampa (kile kijiti cha juu ya kengele kinachozamishwa kwenye oili kutuliza pistoni), kaza nati kubwa ukiwa bado umeishikilia, kisha inue pistoni na uiachie. Unatakiwa usikie "tak" safi ya chuma kugonga daraja, yaani sakafu ya koo chini ya pistoni. Teremsha jeti mpaka chini na ujaribu tena. Kama mlio wa mara ya pili ni mkali zaidi kuliko wa kwanza, sindano bado inagusa jeti, anza upya. Sindano yenye springi haina haja ya kazi hii, kwani imetengenezwa kuegemea upande mmoja wa jeti.

Boya ukilitikisa na kusikia petroli ndani, ni la kutupa. Kupima urefu wake, geuza kifuniko cha bakuli juu chini ili vali ijifunge, na upitishe shina la drili kati ya kifuniko na mkono wa boya: nafasi iwe kati ya mm 3.2 na 4.8. Pampu pia isizidi nguvu ya psi 3, vinginevyo inaishinda vali na petroli inafurika hata kama boya ni jipya.

Kabla ya kurudisha kwenye injini, pima ukaribu wa pistoni na kengele. Ziba matundu madogo ya chini ya pistoni kwa udongo wa kuchezea, tia dampa, sukuma pistoni ndani ya kengele mpaka mwisho, kisha geuza juu chini ukiwa umeshika pistoni. Kengele inatakiwa ishuke yenyewe kwa sekunde 3 hadi 5 kwenye HS2, na 5 hadi 7 kwenye HS4 na HS6. Ikishuka haraka zaidi, jozi imelika. Ikikwama, kuna uchafu au kengele imebonyea.

Kurudisha na kuweka sawa

Uso wa flanji unaokaa kwenye manifodi mara nyingi umepinda masikioni kwa sababu ya kukazwa kupita kiasi. Usugue juu ya kioo kilichowekewa msasa namba 400 mpaka ung'ae sehemu zote. Gasketi mpya ziwe mbili, moja kila upande wa kizuia joto.

Pandisha jeti mpaka iwe sawa na daraja, halafu teremsha nati mizunguko 2 kamili, yaani nyuso 12 za nati. Tia tone moja la oili laini kwenye shina la pistoni, si ubavuni mwake. Ndani ya shina tia oili ya SAE 20 mpaka ipite mdomo wa shina kwa mm 13. Kwenye kengele isiyo na tundu la hewa kwenye kofia yake, kiwango kiwe chini ya mdomo huo kwa kiasi hicho. Ukirudisha dampa utahisi ukinzani nyuzi zikiwa zimebakiza kama mm 6 kufika.

Washa, acha injini ipate moto kabisa. Kwenye kabureta mbili, legeza viungo vinavyozifunga pamoja, chukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, na urekebishe skurubu za sailensa mpaka mvumo uwe sawa kote. Kisha nenda kwenye mchanganyiko. Inua pistoni ya kabureta moja kwa mm 0.8 tu, kwa pini yake ya chini au kwa bisibisi nyembamba. Mlio ukipanda kidogo na kurudi, umepata. Ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi, pandisha jeti uso mmoja wa nati. Injini ikishuka au kuzima, petroli ni chache, teremsha uso mmoja. Kanyaga ekseleta kidogo baada ya kila badiliko ili pistoni ijitulize, kisha pima tena. Ukimaliza ya pili rudi uipime ya kwanza, kwa kuwa zinaathiriana. Funga viungo ukiacha mchezo kidogo, ili sailensa ya kila kabureta ishikwe na skurubu yake na si na kiungo.

Baada ya kilomita 200 hivi kaza upya nati za flanji, kwa sababu gasketi mpya hujibana, na ufungue plagi baada ya mwendo mrefu bila kukaa sailensa kwanza. Rangi ya kahawia inayoelekea kijivu ndiyo unayoitaka. Sailensa ikiwa imetulia na rangi bado ni nyeusi, ongeza uso mmoja wa nati kwenda juu, na sasa, kwa kuwa shafti imeziba, mkono wako utaona tofauti.